Bure kwa Hisani ya Nani? Uhakiki wa Hoja ya Upakuaji wa Muziki Unaogharimiwa na Matangazo kama Mbadala wa Uharamia

Ikisiri

Kwa takriban miongo miwili, wazo la kumruhusu msikilizaji apakue nyimbo bila malipo, huku gharama zikibebwa na makampuni yanayotangaza bidhaa zao, limekuwa likitolewa kama dawa ya uharamia wa muziki. Makala haya yanahakiki wazo hilo kwa kuanzia katika lugha inayolieleza, kisha kwa kulinganisha majaribio ya Marekani na Uingereza ya kati ya 2006 na 2012 na hali ya Afrika Mashariki. Hoja inayotetewa ni kwamba mfumo huu unaweza kweli kumshinda mdurufu wa mtaani, lakini kumshinda mdurufu si sawa na kumlipa mwanamuziki, na kwamba sera inayochanganya mambo hayo mawili inapima ushindi mahali pasipokuwa na pigano.

Utangulizi

Mwezi Agosti 2006, kampuni changa ya New York iliyoitwa SpiralFrog ilitangaza makubaliano na Universal Music, kampuni kubwa kuliko zote za muziki duniani wakati huo. Kijana angepakua wimbo bila kutoa hata senti, mradi akubali kutazama matangazo wakati wimbo ukiingia katika kompyuta yake. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka. Vijana wamekwisha kuzoea kupata nyimbo bila kulipa, hawatarudi dukani kwa kuhubiriwa, basi na wapewe bure lakini kihalali, na anayeyataka macho na masikio yao ndiye alipe.

Hoja hiyo ilifika Afrika Mashariki miaka michache baadaye, na hapa ilipata maisha marefu kuliko ilikozaliwa. Mfano unaojulikana zaidi ni Mdundo, huduma iliyoanzia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2010 na ambayo Septemba 2020 iliingia katika soko la hisa la Nasdaq First North mjini Copenhagen. Msikilizaji hupakua wimbo bure, na tangazo fupi la sauti humsubiri mwanzoni mwa wimbo. Si jambo dogo kwamba huduma yenye jina la Kiswahili, inayobeba bongo fleva, injili na michanganyiko ya madijei, ilivuka bahari hadi kwenye soko la hisa la Ulaya wakati mitangulizi yake ya Marekani ilikwisha kufa zamani.

Hata hivyo, mafanikio hayo yamezaa uzembe fulani wa kufikiri. Katika mijadala ya sera za sanaa, mfumo huu hutajwa kama jibu lililokwisha kupatikana: palipokuwa na uharamia sasa pana matangazo, na kila mtu ameridhika. Uhakiki huu unatilia shaka sehemu zote mbili za sentensi hiyo.

Maneno na mizigo yake

Neno uharamia lina historia inayostahili kukumbukwa na kila anayeandika sera kwa Kiswahili. Haramia ni mnyang'anyi, wa baharini au wa nchi kavu, na shina lake la Kiarabu halitengani na haramu. Kwa hiyo, Kiswahili kilipolitwaa neno hilo kutaja udurufu wa nyimbo bila idhini, hakikutaja kosa la kisheria tu. Kiliingiza pia hukumu ya kidini. Anayemrushia jirani wimbo kwa simu amewekwa katika kapu moja na anayeteka jahazi. Matokeo yake ni kwamba mjadala huanza na mwenye hatia kabla haujauliza swali la kiuchumi: msikilizaji huyu alikuwa akinunua nini, kwa nani, na kwa bei gani?

Neno bure nalo si maji safi. Katika matumizi ya kila siku lina maana ya pasipo malipo, lakini pia lina maana ya pasipo faida wala sababu. Mtu hufa bure, husumbuka bure, na akidharauliwa huitwa mtu bure. Mwanamuziki anayeambiwa kwamba kazi yake itatolewa bure husikia maana zote mbili kwa pamoja, na pengine ndiyo sababu huduma hizi hupendelea kusema "bila malipo" zinapozungumza na wasanii na "bure" zinapozungumza na wasikilizaji. Tofauti hiyo ya msamiati ni ndogo, lakini inaonyesha kwamba wenye biashara wanajua vizuri kuliko watunga sera kwamba neno moja haliwezi kusimama mbele ya pande zote mbili.

La kupakua ndilo linalopotosha kwa ukimya zaidi. Kupakua ni kuteremsha shehena chomboni, na pia ni kutoa chakula chunguni. Katika picha zote mbili kilichopakuliwa kinapungua kule kilikotoka: ngama inabaki tupu, chungu kinaonyesha ukoko. Wimbo haupungui. Unaweza kupakuliwa mara milioni na chungu kikabaki kimejaa. Basi hoja kwamba kila nakala isiyolipiwa ni tonge lililotolewa kinywani mwa mwanamuziki inaegemea picha ambayo lugha imeazima tu. Kinachopungua ni kitu kingine, nacho ni nafasi ya mwanamuziki kudai malipo kwa kila tonge. Hapo ndipo suala la matangazo linapoanza kuwa zito.

Kilichoua majaribio ya kwanza

SpiralFrog ilifunguliwa rasmi Septemba 2007 na kufungwa Machi 2009. Kati ya tarehe hizo kuna somo moja kubwa. Nyimbo zake zilifungwa kwa kufuli za kidijitali: hazikuchezeka katika iPod, kifaa ambacho wakati huo karibu kila kijana wa Marekani alikuwa nacho au alikitamani, na mtumiaji alilazimika kurudi katika tovuti mara kwa mara ili kuhuisha leseni yake, la sivyo nyimbo zilinyamaza. Kwa maneno mengine, bidhaa halali ilikuwa duni kuliko bidhaa haramu. Mdurufu alitoa wimbo usio na sharti. Kampuni ikatoa wimbo wenye kamba mguuni.

Qtrax ilikufa kwa namna ya kuchekesha zaidi. Januari 2008, katika maonyesho ya MIDEM mjini Cannes, ilijitangaza kwa shangwe kuwa na nyimbo milioni kadhaa za makampuni makubwa, na makampuni hayo yakakanusha kabla shangwe hazijapoa. Huduma ya We7 ya Uingereza, iliyoungwa mkono na mwanamuziki Peter Gabriel, ilikuwa na busara zaidi: iliunganisha tangazo fupi mwanzoni mwa faili la kawaida la MP3 lisilo na kufuli. Lakini nayo iliuacha upakuaji na kuelekea kwenye usikilizaji wa moja kwa moja mtandaoni, na mwaka 2012 ikanunuliwa na Tesco, yaani kampuni ya maduka ya vyakula. Wakati huo Spotify, iliyofunguliwa Ulaya mwaka 2008, ilikuwa imeonyesha kwamba matangazo hulipa vizuri zaidi pale wimbo unapobaki kwenye mashine za kampuni na kila usikilizaji unahesabika.

Kwa nini basi upakuaji uliokufa London ukaishi Nairobi na Dar es Salaam? Jibu halihusiani na maadili ya wasikilizaji. Linahusiana na bando. Usikilizaji wa moja kwa moja hula data kila wimbo unaporudiwa, wakati wimbo uliopakuliwa huliwa data mara moja tu na kubaki kwenye kadi ya simu. Faili la MP3 la ubora wa kawaida lina takriban megabaiti moja kwa kila dakika ya muziki. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hesabu hiyo haihitaji mwanauchumi. Huduma za Afrika Mashariki zilijifunza kutokana na makaburi ya wenzao: hakuna kufuli, faili ni jepesi, na linachezeka katika simu ya bei nafuu. Kwa hilo zinastahili sifa pasipo kigugumizi.

Mshindani wa kweli ni nani?

Hoja ya matangazo ina nguzo moja inayoonekana imara: kwamba msikilizaji wa kawaida hataki kulipa. Nguzo hiyo haisimami ikisogezwa karibu na kibanda. Katika miji na masoko mengi ya ukanda huu, kwa miaka mingi, nyimbo zimekuwa zikiingizwa kwenye simu na kadi za kumbukumbu na kijana mwenye kompyuta moja, feni na spika ya kuita wateja. Kabla yake alikuwepo mchoma CD, na kabla ya huyo, mrekodi kaseti. Wote hawa walilipwa. Mteja alitoa pesa yake mwenyewe, kwa hiari, tena mara kwa mara.

Kwa hiyo uharamia wa Afrika Mashariki haukuwa wa bure hata siku moja. Ulikuwa biashara yenye bei, na mteja aliijua bei hiyo na kuikubali. Alichonunua kwa yule kijana si wimbo peke yake. Alinunua uteuzi, kwa kuwa kijana anajua ni wimbo gani umetoka wiki hii. Alinunua kazi ya kutafuta. Na alinunua bando ambalo hakulazimika kulitumia mwenyewe. Brian Larkin, katika utafiti wake wa Kano uliochapishwa mwaka 2008, ameonyesha kwamba mitandao ya udurufu wa kanda za filamu za kigeni ndiyo iliyojenga miundombinu ambayo baadaye filamu za Kihausa zilisambazwa kwayo. Alex Perullo, katika kitabu chake cha 2011 kuhusu uchumi wa muziki wa Dar es Salaam, anaeleza jinsi wasanii, studio, redio na wasambazaji walivyojitafutia riziki katika mazingira ambamo udurufu ulikuwa jambo la kawaida. Wote wawili wanamwondoa mdurufu katika nafasi ya haramia na kumrudisha katika nafasi ya msambazaji.

Mtazamo huo ukikubaliwa, swali la sera linageuka. Ikiwa mteja alikuwa tayari kulipa, na akalipa, basi tatizo halikuwa utayari wake bali njia ya pesa yake, iliyoishia kibandani bila kufika studio. Mfumo wa matangazo haukuirekebisha njia hiyo. Uliifuta pesa ya mteja kabisa na kuweka mahali pake pesa ya kampuni ya simu, ya sabuni au ya mikopo. Hiyo si tiba ya ugonjwa uliotajwa. Ni mgonjwa kuhamishiwa wodi nyingine.

Pesa ya tangazo hufuata nini

Dallas Smythe aliandika mwaka 1977 kwamba bidhaa ya vyombo vinavyoishi kwa matangazo si kipindi bali ni hadhira: kipindi ni chambo, na kinachouzwa ni usikivu wa watu. Hilo si geni hapa. Redio binafsi zilizochipuka Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1990 zimekuwa zikicheza muziki wa bure kwa gharama za matangazo miaka yote hii, na malalamiko ya wanamuziki kuhusu mirabaha ya redio yanafahamika. Upakuaji wenye matangazo, kwa hiyo, ni redio iliyowekwa mfukoni, na inafaa iulizwe maswali yaleyale yaliyopaswa kuulizwa redio.

La kwanza ni lugha. Mwenye tangazo hulipia hadhira anayoweza kuiuzia. Tangazo la Kiswahili au la Kiingereza lina soko pana. Tangazo la Kisukuma, Kiluhya au Kirundi lina soko finyu au halipo. Wimbo wa lugha ya jamii unapopakuliwa, ama unabebeshwa tangazo la lugha nyingine, ama unabaki bila tangazo na hivyo bila mapato. Kwa namna hiyo, mfumo unaojitangaza kuwa mlango wazi kwa kila msanii unalipa kwa kufuata ukubwa wa soko la lugha. Wataalamu wa Kiswahili wana sababu ya kufurahi kwa upande mmoja, kwani lugha yao hapa ni lugha ya pesa. Lakini furaha hiyo ina gharama kwa lugha ambazo Kiswahili chenyewe kimechota humo, na hakuna chombo cha sera kinachoonekana kuipima.

La pili ni kipimo cha kazi. Mahali ambapo malipo huhesabiwa kwa faili lililopakuliwa, wimbo wa dakika tatu na taarabu ya dakika kumi na mbili ni kitu kimoja. Taarabu ya kisasa haikatiki: ina dibaji ya ala, mafumbo yanayojengwa beti kwa beti, na vibwagizo vinavyosubiriwa na watunzaji ukumbini. Msikilizaji wake hutumia takriban megabaiti kumi na mbili badala ya tatu, yaani hulipa mara nne zaidi kwa kampuni ya simu, na msanii hupata stahiki ya tangazo moja tu. Hapo bure imekuwa ghali zaidi kwa mpenzi wa taarabu kuliko kwa mpenzi wa bongo fleva, na anayefaidi tofauti hiyo si mwimbaji. Msanii mwenye akili ya biashara ataambiwa, bila mtu kufungua kinywa, akate wimbo wake vipande. Utanzu hubadilishwa na kikokotoo.

La tatu ndilo lenye kinaya kikubwa. Tangazo lililounganishwa ndani ya faili husafiri na faili. Msichana wa Mbale akipakua wimbo na kumrushia nduguye kwa Bluetooth, naye akampa dereva wa bodaboda, tangazo limesikika mara tatu au mia tatu, lakini kilichohesabika ni upakuaji mmoja. Mwenye tangazo amepata hadhira ya ziada bila kulipa. Msanii hajapata kitu. Yaani kile kitendo kilichoitwa uharamia, cha kupeana wimbo bila idhini, hakikukoma. Kimegeuzwa kuwa huduma ya usambazaji kwa ajili ya kampuni ya sabuni. Ukitafuta aliyenufaika na nakala isiyolipiwa, safari hii hutamkuta kibandani.

Mtu anaweza kujibu kwamba senti chache ni bora kuliko hakuna, na kwamba msanii chipukizi hutafuta kwanza kusikika ili alipwe kwenye maonyesho. Jibu hilo lina uzito kwa kijana wa mjini anayealikwa kwenye matamasha. Halina uzito kwa mtunzi asiyepanda jukwaani, kwa mpiga ala wa studio, wala kwa kikundi cha kaswida cha madrasa ambacho mwaliko wake ni wa thawabu.

Heshima ya kazi

Kaswida inaleta suala ambalo mijadala ya mapato huliruka. Kifungu cha 6bis cha Mkataba wa Berne, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, kinampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa au kutendewa jambo la kuidhalilisha lenye kudhuru heshima au sifa yake, hata baada ya kuuza haki zake za kiuchumi. Katika redio, tangazo hukaa kati ya nyimbo. Katika faili la kupakua, tangazo limeshonwa na wimbo, na msikilizaji hawezi kuupata mmoja bila mwingine. Pasipo kifungu cha mkataba kinachozuia, hakuna cha kulizuia tangazo la mchezo wa kubahatisha kutangulia kaswida, au la pombe kutangulia wimbo wa injili. Hapo hata malipo mazuri si jibu, kwa kuwa aliyedhurika hakudai pesa.

Yapo mambo matatu ambayo mamlaka za hakimiliki zinaweza kuyadai leo bila kusubiri sheria mpya. Mikataba ya huduma hizi iandikwe kwa lugha anayoielewa msanii, ikiwemo Kiswahili, na ieleze wazi hesabu ya pato inavyofanywa. Msanii apewe orodha ya aina za matangazo na uwezo wa kukataa baadhi yake. Na muda wa wimbo uingie katika kikokotoo. Wizara za fedha nazo zina sehemu yake: Uganda ilianza mwaka 2018 kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, kisha Julai 2021 ikaweka badala yake ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Serikali haiwezi kuusifu muziki halali wa mtandaoni kwa mkono mmoja na kuipandisha bei ya njia yake kwa mkono wa pili. Mwenye kibanda, asiyetumia data ya mteja, ndiye hufaidi ushuru huo.

Linabaki suala la kazi za zamani, ambalo haliwezi kusuluhishwa kwa mkataba wa kubofya kitufe. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979. Kwa sheria ya Kenya, haki katika utunzi hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi, na haki katika rekodi ya sauti miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ina maana kwamba rekodi zake za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zimekwisha kuwa huru nchini Kenya, na yeyote anaweza kuziweka mtandaoni na kuzishonea tangazo, ilhali tungo zilizomo ndani ya rekodi hizohizo ni mali ya warithi wake hadi tarehe 31 Desemba 2029. Kila upakuaji wa wimbo wake unaogharimiwa na tangazo kati ya sasa na tarehe hiyo unazalisha deni, na mdai wake si wa kufikirika. Huduma inayomlipa yule aliyepakia faili peke yake, bila kuuliza mtunzi ni nani, inaliacha deni hilo likilala.